Roadster ya mtumba: anza na maji, injini baadaye

Fundi ukimpeleka kukagua Mazda Roadster, kitu cha kwanza atafungua boneti. Ni mazoea ya kukagua Premio na Fielder: injini ikinguruma vizuri na gia zikiingia, kazi imekwisha. Kwa gari la paa la kukunja, utaratibu huo ugeuzwe. Injini ya Roadster ni ngumu, na ikifa kabisa inaweza kubadilishwa. Kinachomaliza magari haya ni maji: yanayoingia kupitia paa lililochoka, yanayotuama ndani ya bodi kwa sababu tundu la kutolea limeziba, yanayokula bati kutokea ndani ambako hakuna anayeangalia. Gari linaweza kuwa na kilomita 40,000 na rangi inayong'aa, na bado likawa limeoza.

Nazungumzia Roadster, ambayo nje ya Japani huitwa MX-5 na Wamarekani wakaizoea kama Miata, kwa sababu ndilo gari la spoti la wazi ambalo mtu wa Afrika Mashariki anaweza kulipata likiwa na usukani wa kulia, kutoka minada ya Japani, na fundi mzuri wa mtaani akalielewa. Viti viwili, injini mbele, magurudumu ya nyuma yanasukuma. Limetengenezwa tangu 1989 na lilivuka idadi ya milioni moja mwaka 2016, kwa hiyo magonjwa yake yanajulikana.

Vizazi viko vinne, na herufi zake utaziona mwanzoni mwa namba ya chesi. NA, ya 1989 hadi 1997, ni ile ya taa zinazochomoza, kwanza na injini ya 1.6 kisha 1.8. NB ya 1998 hadi 2005 ina taa za kawaida na kioo halisi nyuma badala ya plastiki. NC, 2005 hadi 2015, ni kubwa kidogo, ya 2.0, na ndiyo iliyoleta paa gumu linalojikunja kwa umeme. ND ilianza 2015: ya paa la kitambaa huko Japani ina injini ya 1.5 na chesi yake huanza na ND5RC. RF, ambayo ni ND yenye paa gumu la umeme, ina 2.0 na chesi yake huanza na NDERC.

Sheria itakuchagulia kizazi

Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka minane tangu kusajiliwa mara ya kwanza, na hesabu hupanda kila Januari. Mwaka 2025 ilianzia magari ya 2018. Kuagiza mwenyewe, basi, maana yake ni ND tu. NA, NB au NC ikiuzwa Nairobi au Mombasa, hilo ni gari lililoingia zamani. Lina miaka ya matuta, ya karwoshi za presha na ya mafundi wengi mwilini mwake. Likague kama gari la hapa, usidanganywe na neno "Japani" kwenye tangazo.

Upande wa ushuru, Kenya hutoza forodha 35%, ushuru wa bidhaa 20% kwa injini isiyozidi cc 1,500 na 25% ikizidi hapo, kisha VAT 16% juu ya jumla, pamoja na tozo ndogo. Injini ya 1.5 ina cc 1,496, imepenya chini ya mstari kwa cc nne. RF ya 2.0 iko upande wa pili. Jambo ambalo wanunuzi wengi hulisahau ni kwamba KRA, mamlaka ya mapato ya Kenya, haihesabu kwa bei uliyolipa mnadani. Inaanzia kwenye orodha yake ya bei za magari mapya, CRSP, kisha inapunguza kulingana na umri. Gari la bei ya kutupwa lililogongwa halikupunguzii ushuru hata senti moja. Utalilipia sawa na lile safi, halafu utalipia na matengenezo.

Tanzania haifungi mlango kwa umri, inatoza umri. Gari la miaka minane hadi kumi huongezewa ushuru wa bidhaa wa 15%, na likizidi kumi 30%. Hapo 1.5 na 2.0 ziko kundi moja la cc, kwa hiyo tofauti kubwa huletwa na mwaka wa kutengenezwa. Ukitaka NB au NC kutoka Japani, Dar es Salaam inawezekana, ila piga hesabu ya hiyo 30% kwanza. Uganda inakataa gari lililofikisha miaka 15. Viwango vyote hivi huguswa wakati wa bajeti, kwa hiyo hesabu ifanyike upya wiki ile unayolipa.

Karatasi ya mnada

Usinunue kwa picha. Dai karatasi ya mnada, ile yenye mchoro wa gari na herufi. Alama ya jumla ya 4 au 4.5 ni nzuri kwa gari la umri huu, 3.5 ina mikwaruzo na vibonyeo lakini inaweza kuwa gari imara; R au RA maana yake limegongwa likatengenezwa, na kwa gari lisilo na paa la bati ningeliacha. Sababu ni ya kimuundo. Gari la kawaida hupata sehemu ya ugumu wake kwenye paa. Roadster ugumu wake wote uko chini: vizingiti vya milango, handaki la katikati, na ukuta wa nyuma ya viti. Kizingiti kikishapindwa na kunyooshwa, milango hulegea, vioo havikai kwenye mpira, na maji yanaingia. Hilo haliponi kwa rangi.

Kwenye mchoro, A ni mkwaruzo, U kibonyeo, W sehemu iliyonyooshwa na kupakwa rangi, S kutu, C bati lililoliwa, XX sehemu iliyobadilishwa. Namba inayofuata ni ukubwa: A1 huioni ukiwa mbali, U3 utaiona kutoka ng'ambo ya barabara. W2 kwenye kiwambo cha nyuma, yaani bati la ubavuni juu ya tairi la nyuma, inanitia wasiwasi kuliko U2 mbele, kwa sababu kiwambo cha nyuma kimechomelewa bodini, hakifunguki kwa bolti. Kisha tafuta maandishi 幌, horo, yaani paa la kitambaa. Yakifuatwa na 破れ, limechanika. Wakaguzi wa minada huandika hilo kwa uaminifu, ila wauzaji wengine wakitafsiri karatasi hurukia maelezo ya injini na kuacha mstari huo.

Uliza pia gari limesajiliwa mkoa gani. Hokkaido, mikoa ya Tohoku na Nagano humwaga chumvi barabarani wakati wa theluji. Omba picha za chini ya gari: difu, mikono ya saspenshen, viungo vya ekzosi. Rangi nyeusi mpya iliyopuliziwa kila mahali, hadi kwenye bolti na mabomba, ni ya kuficha kitu.

Maji yanakopita

Paa la Roadster halijatengenezwa kuzuia kila tone na kulitupa nje. Maji yanayoteremka nyuma hunaswa na mfereji wa mpira uliofichwa chini ya ukingo wa paa. Mfereji unayapeleka kwenye pembe mbili, nyuma ya viti, karibu na nguzo za mikanda. Pale kuna tundu, tundu lina bomba, na bomba linatoka chini ya gari mbele kidogo ya tairi la nyuma. Umbo la bomba hubadilika kizazi hadi kizazi, kanuni ni hiyohiyo.

Gari likiegeshwa chini ya mwembe au mjakaranda, majani na vumbi huingia kwenye mikunjo ya paa na kushuka hadi kwenye tundu. Kwenye NC kuna kichujio kidogo ambacho huziba haraka zaidi. Mfereji ukijaa, maji yana njia mbili: kumwagikia zulia, au kuingia ndani ya kizingiti na kutuama. Hii ya pili ndiyo mbaya, kwa sababu ndani ya gari kunabaki kukavu na mwenye gari hajui. Kizingiti kinaoza kutokea ndani kwenda nje, na siku utakapoona uvimbe wa rangi mbele ya tairi la nyuma, bati la ndani limeshaisha.

Kipimo chake ni rahisi. Chukua chupa ya lita moja. Funga paa, kisha mimina maji polepole kwenye pembe ya nyuma ya paa, pale kitambaa kinapokutana na bodi nyuma ya kioo cha mlango. Mwenzako achuchumae aangalie chini. Ndani ya sekunde chache maji yanapaswa kuchuruzika mbele ya tairi la nyuma, upande uleule, yakiwa karibu yote uliyomimina. Yakidondoka tone moja moja, bomba limeziba nusu. Yasipotoka kabisa, au yakitoka kwenye mshono wa kizingiti katikati ya mlango, weka chupa chini na uanze mazungumzo mengine ya bei, au uondoke. Rudia upande wa pili. Mara nyingi upande mmoja ni mzima na mwingine umekufa.

Baada ya hapo vuta mkanda wa kiti hadi mwisho wake. Sehemu ya mwisho, inayolala chini ndani ya nguzo, ikiwa na ukungu au alama ya maji, jibu umelipata bila kufungua kitu. Bonyeza zulia nyuma ya viti kwa ngumi, si kwa kidole: chini yake kuna sponji inayoweza kushika maji huku juu pamekauka. Inua zulia la buti. Kwenye NA na NB betri iko humo, na betri ya kawaida isiyo na bomba la kutolea hewa humwaga mvuke wa asidi unaokula bati. Angalia sakafu chini yake.

Ukikuta tundu limeziba, lizibue kwa uzi mnene wa nailoni, ule wa mashine ya kukatia nyasi, ukiuzungusha polepole. Waya hutoboa bomba. Upepo wa kompresa nao ni hatari, kwa sababu unaweza kulichomoa bomba kwenye kiungo chake ndani ya bodi, na kuanzia hapo kila mvua inaingia moja kwa moja kwenye kizingiti.

Kitambaa chenyewe kikague kikiwa kimefungwa na kikiwa nusu kimekunjwa. Kikifungwa, angalia mishono juu ya vioo na ukingo wa kioo cha nyuma: kioo kimegundishwa kwenye kitambaa, na gundi hiyo huachia taratibu kwa jua. Kikiwa nusu, angalia pembeni pale fremu ya chuma inapogusa kitambaa. ND za miaka ya mwanzo zilikuwa na tabia ya kusuguliwa pale hadi kitambaa kikawa chembamba; shika kwa vidole viwili na umulike kwa tochi kutoka ndani, nuru isipite. NA yenye dirisha la plastiki lazima ifunguliwe zipu na dirisha lilazwe kabla ya kukunja paa, vinginevyo linakatika kwenye kunjo. Likishakuwa la manjano halirudi.

Paa likihitaji kubadilishwa, nunua lililokatwa kwa ajili ya gari hilo, likiwa na mfereji wake wa mpira. Fundi viti wa mtaani anaweza kukushonea turubai zuri kwa macho, lakini paa hili hukaa kwa mvuto: likizidi sentimita moja linapiga makofi kwenye spidi ya 80, likipungua sentimita moja halifungi na linavunja komeo.

RF na NC ya paa gumu zina maswali tofauti. Paa la RF huchukua sekunde 13 na hukubali kusogea gari likiwa chini ya kilomita 10 kwa saa. Lifungue na kulifunga mara tatu mfululizo, injini ikiwa inawaka ili betri isichoke. Usikilize: mlio ubaki uleule, pande mbili zifike pamoja, lisisite. Likisita katikati, huenda ni sensa, huenda ni mota, huenda ni fremu iliyopinda, na hakuna fundi atakayekuambia ni lipi kabla ya kufungua. Kwa anayeishi mbali na fundi wa umeme mzuri, paa la kitambaa linalofungwa kwa mkono, komeo moja katikati, ni uamuzi wa busara zaidi.

Bodi na sumaku

Wakaguzi wengi hutembea na sumaku kutafuta puti, ule ujiuji mgumu wa kujazia vibonyeo chini ya rangi. Kwenye ND sumaku itawachanganya: boneti, mfuniko wa buti na mabawa ya mbele ni aluminiamu. Isiposhika pale, hakuna ubaya wowote. Itumie kwenye milango, viwambo vya nyuma na vizingiti, ambako ni chuma. Bolti za bawaba za boneti ziangalie kwa makini. ND ina boneti inayojirusha juu kwa baruti ndogo ikimgonga mtu, na ikishalipuka huwa ni sehemu za kununua upya. Bolti zilizokwaruzwa rangi pale ni swali la kuuliza.

Lala chini uangalie boriti ndefu ya aluminiamu inayounganisha gia boksi na difu. Mazda huiita PPF, na ipo kwenye vizazi vyote vinne. Haibebi gari. Fundi asiyeijua huiwekea jeki kwa sababu iko katikati, ikapinda au kupasuka, na gari likaanza kutetema bila sababu inayoonekana. Vivyo hivyo mshono wa chini wa kizingiti: ukiwa umelazwa kama ukingo wa sahani iliyokanyagwa, gari limenyanyuliwa vibaya, rangi imepasuka, na kutu imeshapata mlango.

Magari mengi ya aina hii hutoka Japani yakiwa yameshushwa kwa springi fupi. ND ya kiwandani ina sentimita 14 tu kutoka ardhini. Ikishushwa sentimita tatu, tuta la kawaida la Nairobi au Dar linagusa. Muulize muuzaji springi za awali kabla ya kulipa. Baadaye hazipatikani kirahisi.

Injini na gia

Gari liwe baridi. Gusa boneti ulipofika. Ikiwa ya moto, limewashwa mapema ili kuficha kitu.

NA na NB hutumia taimingi belti, inayobadilishwa kila kilomita 100,000. Bila ushahidi wa maandishi, hesabu kwamba haijabadilishwa, na ibadilishe pamoja na pampu ya maji na sili za mbele. Injini ya NA ina bahati: belti ikikatika, vali hazigongani na pistoni. NA za 1989 hadi 1991 zina kasoro moja kubwa, ncha fupi ya krenki. Injini ikiwa inaunguruma taratibu, tazama puli ya krenki kutoka juu. Ikicheza, achana nayo. Mlio wa tiki-tiki juu ya injini ya NA asubuhi kwa kawaida ni wa viinua-vali vya oili, hautishi ukiisha gari likipata moto. Klachi inayozama taratibu ukiishikilia ni silinda ndogo ya klachi kwenye gia boksi. Ni kazi ndogo, itumie kushusha bei.

NC na ND zina cheni. Kwenye NC vuta kijiti cha oili kabla ya kitu kingine chochote, kwa sababu hizi hula oili kimyakimya na ikipungua sana injini hukwama. Chupa ya maji ya redieta iliyogeuka manjano karibu itapasuka. ND hutaka oili ya 0W-20, na mgandamizo wake ni 13 kwa 1; Japani imeandikiwa petroli ya oktani ya juu, kwa hiyo uweke kwenye bajeti petroli ya bei ya juu kidogo kila unapojaza.

Gia boksi ya ND za mwanzo, hasa ya 2.0, imekuwa na historia ya kuvunjika, na Mazda imeibadilisha ndani mara kadhaa. Endesha dakika kumi, kisha panda gia ya pili hadi ya tatu ukivuta kwa nguvu, halafu achia mafuta ghafla ukiwa ndani ya gia. Ikiruka nje, au ikilia kwa sauti inayopanda na spidi, simama. Gia ya pili kuwa nzito asubuhi ya baridi ni tabia ya Roadster zote, haina shida. Otomatiki ipo pia na haisumbui, ingawa kuiuza baadaye ni kugumu, maana mtu anayetafuta Roadster anatafuta gia za mkono.

Tairi za ND 1.5 ni 195/50R16, saizi ambayo duka la tairi za Vitz na Premio linaweza lisiwe nayo. Soma tarakimu nne za wiki na mwaka ubavuni. Zikiwa zina alama za tairi za theluji, hazifai kwa lami ya joto. Hesabu nne mpya. Hakuna tairi la akiba ndani ya ND, kuna kopo la gundi na pampu tu. Kwa anayesafiri Mombasa au Dodoma usiku, hilo ni la kufikiria kwa uzito. Na kaa ndani paa likiwa limefungwa, uvae viatu unavyoendeshea. ND za kabla ya marekebisho ya 2018 hazina usukani unaovutwa kuja karibu, na mtu mrefu huishia magoti juu na mikono imenyooka.

Skrini ya ndani, ikianza kujibonyeza yenyewe, inahitaji kubadilishwa. Redio ya Japani huanzia 76 na kuishia 95 MHz, kwa hiyo stesheni nyingi za hapa hutazipata.

Wiki ya kwanza

Ukishalipa, zibua matundu yote mawili hata kama yalipita kipimo. Badilisha oili ya injini, ya gia boksi na ya difu, kwa sababu hujui iliwekwa lini. Paka vilainishi vya silikoni kwenye mipira ya milango na ya fremu ya kioo cha mbele. Mpira mkavu ndio unaovujisha kona ya juu ya kioo. Gari likiwa limepitia meli ya RoRo, ile ya kubeba magari, na kukaa bandarini, chaji betri kwa chaja ya taratibu kabla ya kuanza kulilaumu.

Halafu zungumza na vijana wa karwoshi. Presha ya mashine ikielekezwa kwenye mishono ya paa inasukuma maji ndani na kuchana nyuzi za kitambaa. Paa huoshwa kwa ndoo, sabuni isiyo kali na brashi laini, kufuata mwelekeo wa nyuzi, kisha linaachwa likauke likiwa limefungwa. Kulikunja likiwa bichi ndiko kunakoleta ukungu. Mkazi wa pwani asuuze pia sehemu ya chini ya gari kwa maji yasiyo na chumvi kila wiki mbili, vizingiti na matao ya magurudumu, na pale pale amimine ile lita moja kwenye pembe za paa aone inatokea wapi.